Bibi Mwalimu Anajibu: Likizo ya Juni ni ya nani?

Kusi limeanza kuvuma. Asubuhi hapa Ngamiani watu wanatoka na masweta, wavuvi wa ngalawa wanalalamika, na machungwa ya Muheza yamejaa kila kona ya mtaa. Shule zimefungwa, na barua zilizonifikia mwezi huu karibu zote zinahusu walimu. Nimeshika chaki miaka 38, yote ndani ya mkoa wa Tanga: nilianzia Pangani mwaka 1983, nikahamia Muheza, nikamalizia hapa mjini nilipostaafu mwaka 2021. Likizo za mwalimu nimezionja zote, tamu na chungu. Nimechagua barua tano.

Shikamoo Bibi Mwalimu. Nina miaka 31, nafundisha Fizikia na Hisabati katika sekondari ya kata wilayani Handeni. Mke na mtoto wangu wanaishi Tanga mjini, Makorora. Kila likizo nachukua pikipiki ya mtu, naendesha bodaboda. Nampelekea hesabu ya shilingi 8,000 kwa siku, kinachobaki ni changu. Wiki iliyopita nilipakia abiria stendi ya Kange, kumbe ni mzazi wa mwanafunzi wangu. Akaniambia, "Mwalimu, umefikia huku?" Tangu siku hiyo mke wangu hataki niendeshe tena, anasema namdhalilisha. Nifanye nini? Naendesha kwa sababu kadi yangu ya benki iko kwa mkopeshaji tangu Januari.
*Mwalimu wa Fizikia, Makorora*

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu. Umeandika mistari mingi kuhusu pikipiki na mmoja tu kuhusu kadi, tena ukauweka mwisho. Nitakujibu yote mawili, lakini ujue tangu sasa kwamba kinachoniumiza mimi si pikipiki.

Mwaka 1987 nilikuwa Pangani na watoto wawili wadogo. Mshahara ulikuwa unachelewa, na ukija hauvuki tarehe kumi na tano. Likizo ilipoanza nikawa naroweka mchele usiku, saa tisa naamka kutwanga, nachanganya tui, hamira na iliki, na kukikucha niko kivukoni nauza vitumbua kwa watu wanaovuka kwenda Bweni. Siku ya tatu akaja mama wa mwanafunzi wangu wa darasa la nne. Akanunua vitumbua sita, akanitazama kutoka kichwani hadi miguuni, akasema, "Kumbe na mwalimu anauza vitumbua?" Nilitamani maji ya mto yanimeze. Lakini nikamjibu, "Nauza. Na mwanao kuzidisha kwa saba bado kunamshinda, mlete jioni nyumbani nimfundishe." Alimleta kila jioni kwa wiki mbili. Hakunilipa fedha, aliniletea nazi, na hadi nahama Pangani hakuna aliyenisalimia kwa heshima kumshinda mama yule.

Nilichojifunza ni kwamba aibu huisha ukiisema wewe mwenyewe kabla ya wengine. Shule ikifunguliwa Julai, waambie wanafunzi wako kwamba likizo uliendesha pikipiki, kisha wafundishe msuguano kwa breki na mwendokasi kwa safari ya Kange hadi Raskazone. Atakayekucheka siku ya kwanza, siku ya pili atauliza swali.

Ila fanya kazi hiyo kama mtu mzima. Uwe na leseni ya daraja A, pikipiki iwe na bima, kofia ngumu ziwe mbili, na usiendeshe usiku wa manane. Pia usiendeshe likizo nzima. Wiki ya mwisho rudisha pikipiki ya watu, ulale, ucheze na mwanao. Mwalimu anayerudi darasani na mgongo uliovunjika kwa matuta hufundisha kwa hasira, na watoto wa Handeni hawana kosa.

Sasa kadi. Mwanangu, kadi ile ni mali ya benki. Wewe umekabidhiwa uitumie, huna ruhusa ya kuiweka rehani, na mkopeshaji hana haki ya kukaa nayo pamoja na namba yako ya siri akachota mshahara kabla hujaugusa. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, mkopeshaji anatakiwa kuwa na leseni. Nenda kwake ukiwa na shahidi, mwombe akuonyeshe leseni na mkataba wako, muandike kwenye karatasi ulikopa kiasi gani, umekwisha kulipa kiasi gani na bado kiasi gani. Deni lako ulipe, sikufundishi kukimbia deni. Kadi akikataa kuirudisha, nenda benki ukaifungie na uombe nyingine, kisha mpelekee malipo yake wewe mwenyewe kwa mkono wako, kwa risiti. Jambo jingine usilisahau: makato kwenye mshahara wa mtumishi yanatakiwa yamwachie angalau theluthi moja. Utaratibu huo umewekwa ili ule. Ukimpa mtu kadi, umeutupa huo ulinzi kwa mkono wako.

Halafu nikuulize. Mkeo anajua habari ya kadi? Unaniandikia kwamba anaona aibu ya bodaboda, na kokote kwenye barua husemi kwamba mmezungumza sababu yake. Nadhani hajui. Mwambie leo, kabla hujamwonyesha gazeti hili. Mwanamke anayejua deni la nyumba atakupangia safari za asubuhi na kukufungia chakula. Asiyejua anaona tu mume mwenye shahada amepigwa jua stendi.

Shikamoo Bibi. Nafundisha shule ya msingi Muheza, nimeolewa kwa watu wa Lushoto. Kila Juni tunapanda kwa mama mkwe na watoto watatu. Nikifika nakabidhiwa jiko, maji na maharage ya kuvuna, mawifi zangu wanakaa. Narudi nimechoka kuliko nilivyokwenda. Mwaka huu nimepata nauli ya likizo, na mume wangu anasema imetoka kwa ajili ya safari hiyo. Nikikataa nitaitwa mkorofi.
*Mke wa Mlimani*

Marahaba mwanangu. Usikatae. Punguza siku.

Nauli ya likizo mtumishi huipata mara moja kila baada ya miaka miwili, akaone kwao. Imetoka kwa jina lako wewe, na wewe pia una mama. Kaa na mumeo, mgawane siku zenu: siku kumi Lushoto, siku tano kwa mama yako, zinazobaki ni za nyumbani kwenu Muheza. Ratiba hiyo mama mkwe aisikie kwa mwanawe. Ikitoka kinywani mwako ni ukorofi, ikitoka kwa mwanawe ni habari. Mume akikwepa kusema, hapo ndipo penye shida yako, wala si kwenye maharage.

Mimi nami ni mama mkwe sasa, kwa hiyo nakwambia siri ya upande wetu: tunachokihesabu ni namna mtu alivyoingia na alivyoaga. Panda na nazi kumi, dagaa na machungwa ya hapo Muheza. Siku mbili za kwanza pika kwa moyo wote. Siku ya tatu waambie mawifi, kwa upole na mbele ya mama, "Leo nawaachia jiko, nina madaftari ya kuandaa." Kisha kaa na madaftari kweli. Na beba sweta, Juni ya Lushoto si ya mchezo.

Bibi Mwalimu, mimi ni mzazi wa Chumbageni, mfanyabiashara. Nauliza bila kumkosea mtu heshima. Walimu wanalipwa mwezi mzima Juni na mwezi mzima Desemba wakiwa wamekaa bure. Sisi tusipofungua duka siku moja hatuli. Kwa nini wasifundishe watoto likizo badala ya kutuachia wanazurura mitaani?
*Mzazi Mlipa Kodi*

Asante kwa kuuliza waziwazi. Swali hili nimelisikia kwenye daladala, msibani, hata saluni, na kila mara nilinyamaza kwa adabu. Leo sinyamazi.

Kila mtumishi wa umma ana likizo ya mwaka ya siku 28. Muuguzi anaweza kuomba yake Machi, karani Septemba. Mwalimu hachagui, yake inaangukia shule zinapofungwa. Ndugu yake akioa katikati ya muhula, anaomba ruhusa ya siku mbili na kurudi usiku. Hizo siku anazokaa bure, kama unavyosema, ni likizo ileile anayopewa kila mtumishi, ila yeye kapangiwa tarehe.

Tena si zote anazipata. Kidato cha sita wanafanya mtihani Mei, na mwezi Juni kuna walimu wako kwenye vituo vya kusahihisha, wamekaa kwenye kiti kimoja tangu asubuhi hadi giza. Kidato cha nne ni Novemba, kwa hiyo Desemba vivyo hivyo, na Januari wewe unasoma matokeo kwenye simu. Mtaala ulioboreshwa ulioanza Januari 2024 umewataka walimu wajifunze upya namna ya kufundisha, na Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, wenyewe wanayaita MEWAKA, yanafuatiliwa hata kwa simu. Bado kuna ripoti za wanafunzi na azimio la kazi la muhula wa pili.

Acha nikueleze likizo moja yangu, uone kukaa bure kulivyokuwa. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ulipoanza mwaka 2002, ada ya shule ya msingi ikiwa imeondolewa, darasa langu la kwanza lilikuwa na watoto 112. Kila mtoto alikuwa na madaftari manne, hesabu mwenyewe. Juni ile sauti ilinikauka kabisa, wiki nzima naongea kwa kunong'ona, wanangu wakawa wananiuliza kama nimekasirika. Wiki ya pili nikachukua kikapu cha ukindu nikazunguka. Nilipita Barabara ya 6 hadi ya 14, duka kwa duka, nikiomba vizibo vya soda. Nikaenda ufukweni Mwahako kuokota makombe. Nikaomba maboksi kwa wenye maduka kama wewe, na wengi walinipa, Mungu awalipe. Nyumbani nikaosha vizibo kwa sabuni, nikakata maboksi, nikaandika herufi kwa kalamu ya wino mzito hadi saa tano za usiku. Shule ilipofunguliwa watoto 112 walijifunza kujumlisha kwa vizibo vile. Hakuna aliyenituma, wala hakukuwa na posho. Likizo ya aina hiyo wameipitisha walimu wengi wa mkoa huu, na hadi leo wapo wanaoipitisha, ila hawaisemi.

Ulilosema kuhusu watoto kuzurura ni kweli, nami linanisumbua. Lakini dawa yake si kuwarudisha darasani. Mtoto aliyekaa kwenye dawati tangu Januari naye amechoka, hata kama mdomo wake unapiga kelele. Umesema una duka. Mweke mwanao dukani saa mbili kila asubuhi, ahesabu chenji, aandike kilichouzwa, jioni mkague daftari pamoja. Huko kuna hesabu zote za darasa la tano. Jumapili moja mpeleke Mapango ya Amboni, ni kilomita kama nane tu kutoka mjini. Jumapili nyingine mteremke barabara ya Pangani hadi Tongoni, akaone magofu ya msikiti wa kale na makaburi yenye nguzo, amuulize mzee wa pale anavyojua. Akirudi aandike ukurasa mmoja. Nimepokea watoto wengi Julai. Aliyekuwa na cha kusimulia nilimjua siku ya kwanza, na mara nyingi alikuwa ndiye aliyeandika vizuri pia.

Na ukikutana na mwalimu wa mwanao sokoni mwezi huu, msalimie tu. Usimuulize maendeleo ya mtoto mbele ya samaki. Julai atakuwepo.

Hujambo Bibi? Binamu yangu yuko Marekani, anasema walimu wa kule wana likizo ya kiangazi ya miezi miwili na zaidi, lakini wengi wanafanya kazi nyingine. Je, ni kweli hawalipwi?
*Kijana wa Mabawa*

Sijambo mwanangu. Binamu yako hajakudanganya. Shule nyingi za kule hufungwa Mei au Juni, zikafunguliwa Agosti au Septemba. Mkataba wa mwalimu kwa kawaida huhesabiwa kwa miezi kama kumi hivi, na sehemu nyingi humruhusu mshahara wake ugawanywe kwa miezi kumi na miwili ili miezi ya likizo isiwe mitupu. Kwa hiyo fedha inayoingia Julai mara nyingi ni ile aliyoifanyia kazi tayari. Ndiyo maana wapo wanaofundisha masomo ya kiangazi, wanaosimamia kambi za watoto, wanaouza dukani, wanaoendesha magari ya abiria. Huyu wa Makorora hapo juu ana wenzake wengi ng'ambo ya bahari.

Majimbo mengi ya kule yana siku za shule kama 180 kwa mwaka. Sisi kalenda yetu ni siku 194. Na kiangazi chao sisi ni kusi na baridi, basi ukimpigia simu binamu usimuulize kama naye anavaa sweta.

Shikamoo dada. Nakuita dada kwa kuwa tumepishana miaka michache tu. Ninafundisha Korogwe, natimiza miaka 60 Desemba hii. Likizo hii ya Juni ndiyo yangu ya mwisho. Watoto wananiambia nipumzike, mke wangu anataka tukatembee Mombasa. Wewe uliitumiaje ya kwako?
*Mwalimu Mzee, Korogwe*

Marahaba mdogo wangu. Barua yako imenigusa, nimekaa nayo siku mbili.

Mombasa nendeni, lakini baada ya makaratasi. Mtumishi anayefikia umri wa kustaafu kwa lazima hutoa taarifa miezi sita kabla, kwa hiyo barua yako inatakiwa iandikwe mwezi huu huu. Tafuta barua ya ajira ya kwanza, ya kuthibitishwa kazini, na barua za kupanda madaraja, zote, hata zilizoliwa na mende. Linganisha jina lako kwenye kila karatasi na lile la kitambulisho cha taifa. Herufi moja ikizidi au ikipungua, itakusumbua. Kisha omba taarifa ya michango yako PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma. Wewe bila shaka ulianza kwenye mfuko mwingine kabla mifuko haijaunganishwa mwaka 2018, basi angalia miaka ya mwanzo kwa makini, mwezi kwa mwezi.

Nakusisitizia kwa sababu mimi yalinikuta. Barua yangu ya kuthibitishwa kazini haikuwemo kwenye faili la ofisi, na nakala yangu ilikuwa imelowa mvua ya mwaka 1997, ile ya El Niño. Likizo yangu ya mwisho wiki mbili zilikwenda kwenye mabenchi ya ofisi, nikiambiwa njoo kesho. Nakala iliyoniokoa ilitoka kwa mwalimu mkuu wangu wa zamani wa Pangani, mzee wa miaka themanini na kitu, aliyekuwa ameitunza kwenye sanduku la bati pamoja na za walimu wake wote. Aliponikabidhi hakuniambia kitu, aliniomba tu nimsomee kwa sauti, macho yake hayaoni tena. Nilisoma, tukalia wote wawili.

Wiki iliyofuata nilikwenda shuleni peke yangu. Mlinzi akanifungulia darasa. Nilifuta ubao, nikapanga vitabu kabatini, nikakitoa kile kikapu cha ukindu nilichokibeba tangu mwaka 2002. Nilikuwa nimekusudia kwenda nacho nyumbani. Wakati nafunga mlango akaingia mwalimu mpya, binti, amepangiwa darasa la kwanza, amekuja likizo kupaona. Akauliza ndani ya kikapu mna nini. Nikamwaga vizibo sakafuni, akapiga magoti na gauni lake jipya, akaanza kuvihesabu kwa kumi kumi kama mtoto. Vilikuwa 340.

Nikamwachia. Januari iliyopita nilipita kumsalimu, kikapu bado kipo pembeni mwa ubao. Mpini wake umekatika, ameufunga kwa kamba ya mkonge.